GoldenEye 007: hatua zake zimebuniwa vizuri kweli, au tunasifu kumbukumbu?

Swali

Ndugu wanajukwaa, nimemaliza kuicheza upya GoldenEye 007, gemu ambayo Rare waliitengeneza kwa ajili ya Nintendo 64 na ikatoka mwaka 1997, miaka miwili baada ya filamu yake ya jasusi James Bond, GoldenEye. Gemu nyingi za filamu humkokota mchezaji kutoka tukio hadi tukio kana kwamba ni mtalii, lakini hii haikunifanyia hivyo katika hatua za mwanzo. Hata hivyo, nilipofika hatua iitwayo Control nilishindwa mara kumi na moja na nusura niiache. Naomba mnieleze, kwa mifano ya ramani zenyewe, ubora uko wapi na udhaifu uko wapi.

Jibu la 1

Ubora upo, na unaonekana tangu Dam, hatua ya kwanza. Kwa kiwango cha ugumu cha Agent, kilicho rahisi zaidi, una lengo moja tu, yaani kuruka kutoka kwenye ukuta wa bwawa, lakini ukipanda hadi kiwango kigumu cha 00 Agent unatakiwa pia kuharibu ving'ora, kufunga modemu ya siri na kunasa data, kwa hiyo vyumba ulivyovipita bila kuvitazama vinageuka kuwa kiini cha kazi. Ramani ni ileile. Kilichobadilika ni sababu ya kuitembea.

Martin Hollis, aliyeongoza utengenezaji wake, amewahi kueleza kwamba mara nyingi wajenzi wa ramani walijenga majengo kwanza bila kuamua mchezaji ataanzia wapi wala atatokea wapi. Ndiyo maana katika hatua ya Facility unaanzia kwenye njia ya hewa iliyo juu ya vyoo, na vyoo vyenyewe vina vijumba vyenye milango unayoweza kuifungua mmoja baada ya mwingine. Mbunifu anayehesabu malengo peke yake asingejisumbua navyo, ila jengo lenye watu lazima liwe na vyoo.

Jibu la 2

Nakubaliana nawe kuhusu vyoo, lakini Facility hiyohiyo ina kasoro ambayo mashabiki huisamehe upesi mno. Ukitaka kufungua siri ya kutodhurika, yaani chaguo la kumfanya mchezaji asiumie, sharti uimalize ndani ya dakika 2 na sekunde 5 kwa kiwango cha 00 Agent, na humo ndani lazima umpate Dkt. Doak, mwanasayansi aliye jasusi wa upande wako, ambaye huwekwa mahali tofauti kila unapoanza. Unaweza kucheza bila kosa hata moja na bado ukashindwa kwa sababu amesimama upande usiofaa. Hapo kinachopimwa ni bahati.

Hatua ya Surface nayo ni uwanja wa theluji wenye vibanda vinavyofanana, huku ukungu ukificha kila kilicho mbali, na nusu ya muda unautumia kutafuta mwelekeo. Kuhusu Control, muulizaji hana kosa. Uhai wa misheni umekabidhiwa kwa Natalya, mtaalamu wa kompyuta unayemlinda, anayefanya kazi kwenye kompyuta huku askari wakimiminika, na kwa kuwa hakuna mahali pa kuhifadhi katikati ya hatua, risasi moja iliyopotea inakurudisha mwanzo kabisa.

Jibu la 3

Surface mnaionea kidogo. Katika filamu Bond hafiki Severnaya, eneo la Urusi zilipo hatua za Surface na Bunker, hata mara moja, ilhali gemu inampeleka mara mbili, na kwangu huo ndio uamuzi wao wa busara kuliko yote, kwa sababu leseni iliwapa mahali na wao wakabuni ziara. Bunker ya pili inakuanzishia ukiwa mfungwa, Natalya akiwa kwenye selo ya jirani, lakini korido za huko nje ulishazipita katika ziara ya kwanza, kwa hiyo silaha yako ya mwanzo ni kumbukumbu. Udhaifu ninaouona mimi ni Jungle, ambako miti na ukungu vinawaficha maadui kuliko vinavyomsaidia mchezaji kujificha.

Muulizaji

Nawashukuru. Jana usiku nilirudia Bunker ya pili na kweli nilijua pa kukunja kona kabla sijaiona. Control nimeijaribu mara ya kumi na mbili, na Natalya amekufa akiwa amesimama mbele ya bunduki yangu mwenyewe.