Harusi za usiku na picha zangu za shamba: nibadilishe kamera au ninunue lenzi? Na Lightroom niilipie?

MtotoWaWete

Asalam alaykum wakubwa zangu na wadogo. Naomba ushauri kwa nyie mlotangulia kwenye kazi hii, manake nishaangalia video mpaka macho yanauma na wengi wanaozungumza huko hawazijui harusi zetu.

Mie nipo Wete, huu mwaka wa tatu napiga harusi, mie upande wa wanaume, nikaha na kumpeleka bwana harusi, halafu dada yangu ndo anaingia kwa wanawake na kamera hiyo hiyo. N'na Canon 80D, lenzi ya kuzumu ya 18-135 nloinunua nayo pamoja, na 50 ya f/1.8. Fleshi sina, natumia ile ndogo inayoinuka juu ya kamera. Mchana mashallah, tatizo usiku ukumbini, nikipandisha ISO, ule wepesi wa kamera kushika mwanga, mpaka 6400 picha inakuwa chenga tupu, uso wa mtu kama umemwagiwa mchanga. Na mwezi uliopita kadi ilinigomea katikati ya nikaha, kamera ikaandika haisomi kadi, nikasimama pale mikono inatetemeka na shekhe ndo kwanza anasoma khutba. Usiku ule sikulala.

Nishakusanya milioni tatu na nusu, inshaallah mpaka Mfunguo Mosi itakuwa nne. Nafikiria kamera ya fulu fremu, zile zenye sensa kubwa ya kushikia picha, lakini sijui kama pesa hii ndo yake.

La pili softiwea ya kuediti picha. Lightroom yangu ilikuwa ya kukraki, Windows ilipojiapudeti tu ikafa, haifunguki tena. Laptopu ina RAM 8. Nilipie kila mwezi au kuna njia nyengine?

Na la tatu, mbali na kazi, nataka kupiga picha zangu mwenyewe. Bibi yangu yuko shamba, kila msimu anachambua karafuu jioni barazani, nataka niipige ile mikono yake kabla haijawa hadithi. Na popo wa Kidike, hapa hapa kwetu Pemba, pia. Kamera ya kazi itafaa kwa haya au nitafute nyengine ndogo?

MjiMkongwe35

Waalaykum salaam. Yakhe bodi, yani kamera yenyewe bila lenzi, usinunue mwanzo. Chenga inaletwa na giza, na kamera yoyote utakayonunua itaingia ukumbi ule ule. Anza na fleshi. Godox V860 inatumia betri yake ya lithiamu, inadumu harusi nzima, TT685 ni rahisi zaidi lakini inakula betri nne za AA kwa hiyo tembea na akiba mfukoni. Usimuelekezee mtu usoni, igeuze juu darini au ukuta wa nyuma yako ili mwanga urudi umeshatawanyika, utaona uso unakuwa laini kama wa dirishani. Na tazama rangi ya dari kwanza, kuna kumbi zimepakwa kijani au zimetandwa vitambaa vya zambarau, ukirusha mwanga pale biharusi mzima anakuwa kijani na hiyo kuja kuisafisha kwenye kompyuta ni mateso.

Baada ya fleshi, lenzi. Hiyo 18-135 ukiivuta mpaka mwisho inafunguka f/5.6 tu, na namba ya f ikiwa kubwa tundu la mwanga linakuwa dogo. Sigma ina 18-35 ya f/1.8, ilitoka 2013, imetengenezwa kwa kamera za sensa ndogo kama 80D, na f/1.8 yake haipungui ukizumu. Toka 5.6 mpaka 1.8 ni karibu mara kumi ya mwanga. Yani pale ulipokuwa unapiga ISO 6400 utapiga kama 640 hivi, kwa kamera hiyo hiyo ulonayo mkononi. Ile 50 yako nayo iko f/1.8 lakini kwenye sensa ndogo ya 80D inavuta kama lenzi ya 80, ukumbini watu wamejazana utarudi nyuma mpaka ugonge meza ya keki.

Ila skiza hapa, manake ndo watu wanapopotezea pesa. Hizo lenzi za sensa ndogo ukija kuhamia fulu fremu zinakupunguzia picha. Chukua mfano Canon R6, ni fulu fremu ya megapikseli 20, ukifunga lenzi ya sensa ndogo kwa adapta kamera inakata kati, unabakiwa na kama 8. Kwa hiyo amua leo. Kama 80D unakaa nayo miaka miwili mitatu, chukua 18-35. Kama fulu fremu unaitaka mwakani, basi pesa ya lenzi iweke kwenye 85 f/1.8 ya EF, aina ya lenzi za Canon za fulu fremu, inafanya kazi kwenye kamera zote mbili.

Na kuhusu kadi, ile nikaha ilotaka kukupotea ndo sababu pekee mie ningebadilisha bodi. 80D ina sloti moja. Ukitaka bodi ya harusi tafuta yenye sloti mbili uiweke iandike kadi zote mbili kwa pamoja, moja ikifa nyengine ipo. R6 ya 2020 inazo, Sony A7 III ya 2018 inazo. Canon RP na R8 zote sloti moja, usiingie tamaa ya bei. R6 betri zako za 80D zinaingia, na hiyo 50 yako kwa adapta inafokasi vizuri tu. Pia ina shata ya kimya kabisa, msikitini raha, hakuna ule mlio wa kamera kwenye khutba. Ila shata hiyo kwenye taa za LED ukumbini inakuletea mistari mistari kwenye picha, pale rudisha ya kawaida.

BintiJangombe

Kaka yangu wa Wete mie nimeshituka hapo ulipopita haraka, dada yako anaingia kwa wanawake na kamera hiyo hiyo. Maana yake picha za wanawake zinakuja kwenye kadi ile ile na laptopu ile ile yako. Dada yako anajua nani anaziediti? Na wenye harusi wanajua?

Mie kazi yangu ni upande wa wanawake tu, mwaka wa saba huu. Mlangoni simu zinakusanywa, watu wanavua mabuibui, mtu amesuka, amepaka hina mpaka mabegani, kavaa alivyotaka kwa sababu anajua wanaume hawamo. Picha ile mie kwangu ni amana. Kwa hiyo nilipochagua softiwea swali langu la kwanza lilikuwa picha zinakaa wapi, bei ilikuja nyuma.

Watu wengi hawajui kuwa Lightroom ziko mbili. Ile inayoitwa Lightroom tu, picha unazoziingiza ndani yake kwa kawaida inazipandisha yenyewe kwenye mtandao wao. Lightroom Classic inaziacha kwenye diski yako, haipandishi kitu mpaka uwashe mwenyewe kusinki. Mie nalipia Classic, na kusinki nimeizima. Kila baada ya muda inataka intaneti ihakiki leseni, basi. Na kama mwezi umekubana hukulipa, hufungiwi picha zako, katalogi inafunguka na unaweza kuzitoa, ila sehemu ya kuediti ndo inafungwa mpaka ulipe.

Hiyo ya kukraki usirudi kwayo. Mbali na kuwa si halali, hujui nini kimekuja ndani yake, na wewe ndani ya laptopu hiyo una wake za watu na mabinti zao.

Mambo mengine nayofanya: ekstenal zangu mbili nimezifunga kwa VeraCrypt, ni bure, mtu akiiba diski anakuta takataka tupu, lakini neno la siri ukilisahau na wewe umekwisha kwa hiyo liandike uliweke pahala. Na kadi, hili naomba kila mtu alisome: ukiformati kadi kwenye kamera mara nyingi picha hazijafutika, zipo mpaka ziandikwe nyengine juu yake. Programu kama PhotoRec inazirudisha bure kabisa. Kwa hiyo kadi ilopiga harusi ya wanawake usimuuzie mtu wala usimuazime mtu, ikichoka ivunje. Mie nazikata kwa mkasi wa bati. Na kwa upande mwengine wewe hiyo kadi ilokugomea usiipige tena hata picha moja, ipitishe PhotoRec kwanza, inshaallah nikaha ile ipo.

Kwa hiyo kabla ya lenzi ya Sigma mnunulie dada yako kadi zake mwenyewe na diski yake mwenyewe, na aediti yeye. Akijua kuediti utapata na kazi nyingi zaidi, manake familia nyingi hawapati mwanamke wa kumuamini.

MjiMkongwe35

Dada hapo umenena. Hili la kadi mie mwenyewe sikuwa nalifikiria hivyo.

ChakeLinux

Kwa alokuwa hataki kulipa kila mwezi, mie natumia darktable mwaka wa nne, bure na halali, ipo ya Windows, Mac na Linux, haihitaji intaneti hata mara moja. Faili la RAW, ile picha ghafi ya kamera, halilibadilishi, mabadiliko yote inayaandika kwenye kifaili kidogo cha pembeni, ukihama kompyuta unahama nacho.

Lakini nikwambie kweli, wiki mbili za mwanzo utaichukia. Vitufe vingi, majina hayafanani na ulozoea, picha ya kwanza inafunguka imepauka. Usikimbie, jifunze moduli tano tu: ekspoja, rangi ya mwanga, ile inayoitwa filmic, kupunguza chenga, na kukata. Harusi mie nafanya kwa hizo. Nikishaediti picha moja ya ukumbi nakopi nabandika kwa zote zilopigwa pahala pale, mia tatu kwa mara moja. RAM 8 inatosha lakini ina pumzi fupi, usifungue brauza na muziki huku unatoa picha, na kama laptopu inakubali kuongezwa ongeza ifike 16, utaiona tofauti kuliko kubadilisha kamera.

RawTherapee nayo ni bure, wengine wanaiona nyepesi kuielewa.

FundiWaLenzi

Nimesoma yote hakuna aloitaja kuvu. Mie nafungua lenzi za watu, nakwambia kwetu huku adui mkubwa si bei.

Chukua hiyo 18-135 yako sasa hivi, toa kifuniko mbele na nyuma, washa tochi ya simu uipitishe ndani usiku. Ukiona kama nyuzi za buibui, nyeupe, zimetambaa toka ukingoni kuja kati, hiyo kuvu. Mwanzo inasafishika. Ukiiacha inakula ule utando wa rangi uliopakwa juu ya kioo na hapo hata nikiisafisha alama inabaki na picha inapoteza nguvu, hasa ukiwa unatazamana na taa. Watu wananiletea lenzi imekaa kabatini masika yote ndani ya mkoba wa ngozi, na ngozi inashika unyevu kama sifongo.

Nunua kontena la plastiki la chakula lenye mpira kwenye kifuniko, weka silika, zile chembe za kunyonya unyevu zinazobadilika rangi, na kipima unyevu kidogo. Kiwe baina ya asilimia 40 na 50. Kikipita 60 wakati wa silika kukaushwa umefika, zipashe moto taratibu mpaka rangi irudi, uzirejeshe. Mchele usiweke, unatoa vumbi. Gharama yote haifiki bei ya kadi moja nzuri.

Na ukitoka kwenye gari ya kiyoyozi au ukumbi wa baridi usiitoe kamera mkobani papo hapo, iache nusu saa, la sivyo maji yanaganda kwenye kioo mpaka ndani. Ukinunua ya mkononi Darajani au Kariakoo nenda na tochi.

Kuhusu picha za bibi. Ukija Unguja pita Kenyatta Road, Capital Art Studio, ilifunguliwa 1930 na Ranchhod Oza na mwanawe akaja akaiendeleza. Simama utazame picha za Mji Mkongwe wa zamani zilivyo ukutani. Zipo kwa sababu zilichapishwa na negativu zikatunzwa. Mikono ya bibi yako usiiache kwenye ekstenal, ichapishe.

MtotoWaWete

Allah awalipe kheri nyote. Nimefanya mambo matatu tangu jana.

Nimepitisha tochi. 50 safi, 18-135 ina nyuzi ukingoni, ndogo, namletea fundi boti ya wiki hii. Kadi nimeipitisha PhotoRec, ilichukua masaa manne, nikaha imerudi yote pamoja na bwana harusi anavyoshikana mkono na mkwewe, nimemtumia mwenyewe leo asubuhi. Na nimekaa na dada, BintiJangombe maneno yako nimemsomea, tumekubaliana kadi zake na diski yake yeye, mie sizifungui tena. Alinambia alikuwa anataka kuniambia siku nyingi anaona haya.

Kwa hiyo fleshi mbili, moja yake, moja yangu, kadi, silika, halafu 18-35. Bodi ya sloti mbili baadae. Darktable nimeshaipakua, kweli inapausha.

Swali la mwisho, kwa popo hiyo 80D niiache?

MjiMkongwe35

Iache na uitunze. Kwa popo sensa ndogo inakufaa zaidi, tafuta 55-250 STM, nyepesi, na kwenye 80D inavuta kama 400. Fika Kidike jioni kabla hawajaanza kuruka, weka shata 1/1000 ya sekunde, na usubiri mmoja apite mbele ya mwanga ili bawa lipitishe jua.

Kwa bibi 50 hiyo hiyo. Kaa naye chini barazani, usitumie fleshi, mwanga wa jioni ukija ubavuni vidole vitaonekana vyenyewe na vikonyo vya karafuu vimeganda pale.