Ushauri: mkopo wa mtambo wa majitaka, wananchi hawataki bei ya maji ipande

Kifuniko: Wakuu, habari zenu. Nipo kamati ya fedha ya mamlaka ya maji, mji mdogo. Tunajenga mtambo wa kutibu majitaka kwa mkopo wa miaka 20. Bila kupandisha bei ya maji haulipiki, na wananchi wamekuja juu. Nawaelewesha vipi? Usingizi sina.

Mzee wa Dira: Maji mangapi yanapotea kabla ya kufika kwa mteja?

Kifuniko: Ya kawaida tu. Turudi kwenye swali.

Mzee wa Dira: Kawaida ndiyo ngapi?

Kifuniko: Kama nusu hivi.

Koki Bovu: 😂 Mnasukuma ndoo mbili, mnauza moja, mteja alipie zote!

Mama Chemba: Nimewahi kukaa jirani na mtambo kama huo. Bili ya umeme ilipowashinda wakazima mashine za kupuliza hewa. Jamani! Madirisha nafunga mchana kweupe, mapazia nafua na bado yananuka. Nilihama nikiwa nadaiwa kodi.

Mzee wa Dira: Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, mwaka 1993 walikuwa wanapoteza asilimia 72. Wakabadili mabomba chakavu, wakafunga dira za maji, asiyelipa akakatiwa hata awe mkubwa. Kufikia 2008 upotevu ulikuwa chini ya asilimia 7. Anza hapo. Halafu, mkopo ni wa fedha gani?

Sauti ya Wanyonge: Umoja wa Mataifa ulitambua maji kuwa haki ya binadamu mwaka 2010. Nyie mnawaza bei!

Koki Bovu: Haki haiwashi pampu, mkuu.

Kifuniko: Za kigeni. Ila riba ni ndogo mno.

Mzee wa Dira: Wateja wanalipa fedha ya nyumbani. Ikishuka thamani, riba ndogo inakuwa kubwa. Na pampu nyingi hazifiki miaka 20, mtalipia vyuma chakavu. Kama eneo lipo, chimbeni mabwawa ya kutibu majitaka. Jua na mwani vinafanya kazi bila umeme, kazi yenu kuondoa tope baada ya miaka kadhaa. Hamjasaini, sivyo?

Kifuniko: Makubaliano ya awali tu. Tulipewa wiki mbili, na sikusaini peke yangu. Mabwawa ni mambo ya kizamani, huu ni mtambo wa kisasa.

Jicho Kavu: Chai hii. Mjumbe wa kamati ya fedha hajagusia hata nyumba ngapi zimeungwa kwenye bomba la majitaka? Ni swali la chuo, mnamfanyia kazi bure.

Koki Bovu: Mzee wa Dira, ukipata A utugawie.

Mama Chemba: Na mapazia yangu nimeyasimulia bure!

Kifuniko: Siyo chai! Zilizoungwa ni thelathini na kitu. Jana nimefunua chemba ya mwisho kabla ya eneo la mtambo. Kavu kabisa, buibui ametanda utando ukuta hadi ukuta.

Jicho Kavu: Weka picha.

Kifuniko: Simu ilinidondoka humo humo.

Koki Bovu: Kwa ukavu huo, kaichukue. Itakuwa nzima.