Mjadala: Kujaza upya risasi za bunduki za kuwindia hapa Uganda, kunalipa?

Mlenga Shabaha, Entebbe

Naleta hoja: mwenye cheti halali cha bunduki ya kuwindia au ya shabaha aruhusiwe kujaza upya maganda yake. Wamarekani na Waafrika Kusini wanafanya hivyo miaka nenda rudi, nasi tunatupa shaba nzuri kila tukitoka uwanjani.

Tuelewane kwanza. Risasi ni kitu kizima. Ganda ni ile shaba inayobaki, kichwa ndicho kinachoruka, fataki ni kile kifuniko kidogo kitakoni kinachogongwa na pini, na baruti ni unga wa ndani unaowaka na kukisukuma kichwa. Katika vinne hivi, kinachotumika tena ni ganda peke yake.

Sasa hesabu, kwa bei za kukadiria za rejareja Marekani. Tuchukue .308 Winchester: kichwa dola 0.45, fataki 0.09. Pauni moja ya baruti ina greni 7,000. Tukikadiria greni 45 kwa risasi (kipimo cha hesabu tu, asikijazie mtu) tunapata risasi 155. Pauni ikiwa dola 50, baruti ya risasi moja ni 0.32. Ganda la dola 0.80 likitumika mara 8 ni 0.10. Jumla dola 0.96, na ya dukani ni kama 1.75. Unaokoa 0.79, karibu shilingi 2,900 tukihesabu dola kwa shilingi 3,700. Vifaa vya kuanzia tuviweke dola 500: vinarudisha pesa yake baada ya risasi 630 hivi.

Kwa .375 H&H hesabu ni tamu zaidi. Kichwa 1.30, fataki 0.10, baruti 0.50, ganda la dola 2.50 kwa mara 5 ni 0.50. Jumla 2.40 dhidi ya 5 za dukani. Vifaa vinajilipa baada ya risasi 190 na kidogo.

Mwindaji, Nakasongola

Ndugu wa Entebbe, hesabu yako ni ya mtu anayekaa Texas. Umesahau njia ya kuileta baruti mpaka Kampala, na kwetu njia hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko zote.

Kanuni za IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, zinamruhusu abiria, shirika la ndege likikubali, kubeba kilo 5 za risasi kamili kwenye mzigo wa chini, pamoja na uzito wa boksi. Risasi ya .30-06 yenye kichwa cha greni 180 ina uzito wa gramu 27 au 28, kwa hiyo kilo 5 ni zaidi ya risasi 150. Za .375 zina gramu 43 hivi, unapata 100 na ushee. Mgeni anayekuja kuwinda nyati Karamoja hamalizi hizo. Lakini baruti tupu na fataki tupu haziingii kabisa kwenye mzigo wa abiria, hata gramu moja. Zinakuja kama shehena ya vilipuzi: kwa meli hadi Mombasa au Dar es Salaam, kisha kibali cha kupita, wasindikizaji, na ghala linalokubalika. Nani atakufungulia safari hiyo kwa makopo manne ya baruti?

Halafu angalia matumizi. Mwindaji wa .375 anayepiga risasi 40 kwa mwaka, pamoja na za kurekebisha darubini, atangoja karibu miaka 5 vifaa vijilipe. Hapo bado hajalipia usafirishaji.

Fundi Bunduki, Jinja

Kabla ya kugombania bei, tutazame kazi yenyewe, maana hasara nyingi zinaanzia mezani.

Ganda linakaguliwa, linasafishwa, linapakwa mafuta maalumu kidogo, linaingizwa kwenye kalibu ya presi inayolirudisha umbo na kusukuma nje fataki iliyopigwa. Mafuta yakiwa machache ganda linakwama ndani ya kalibu, utavunja kitako ukilivuta. Yakizidi, yanajikusanya begani, pale ganda linapopungua kuelekea shingo, na kuacha mabonyeo. Kisha unapima urefu kwa vernia. Ganda la .308 lisizidi milimita 51.18, la .30-06 lisizidi 63.35. Likizidi linakatwa na ukingo wake unalainishwa ndani na nje. Shingo ndefu ikigota mwisho wa chemba, ile nafasi ya mtutu inamokaa risasi, inakibana kichwa kisitoke vizuri, na shinikizo linapanda ghafla. Risasi hizi tayari zinafanya kazi kwenye pauni 60,000 na zaidi kwa kila inchi mraba. Hapo hakuna nafasi ya kucheza.

Fataki inakaa chini kidogo ya usawa wa kitako. Uhakikishe kwa kupitisha kidole. Ikijitokeza, bolti, kile chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, inaweza kuigonga kabla haijafunga. Na fataki zisitolewe kwenye trei zake kuwekwa ndani ya chupa. Moja ikilipuka, chupa nzima inalipuka kwa pamoja.

Kipimo cha baruti kinatoka kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti ile ile na kichwa kile kile. Unaanza asilimia 10 chini ya kiwango cha juu na kupanda kidogo kidogo. Kopo moja tu liwe mezani. Kuchanganya baruti ya bastola na ya bunduki ndefu ni njia ya haraka ya kupasua mtutu. Kabla ya kuweka vichwa, maganda yote yasimame kwenye ubao wa matundu, umulike kila moja kwa tochi. Lisilo na baruti kabisa nalo ni hatari: fataki peke yake inaweza kukisukuma kichwa hadi katikati ya mtutu kikakwama, na risasi inayofuata ikakikuta palepale.

Mizani ya umeme ina shida kwetu. Volti zikipanda na kushuka, au feni ikipuliza, namba zinahama bila kukuambia. Bora mizani ya mkono wa kuning'inia, na uzito wa kuhakikishia uwe pembeni.

Hesabu Kwanza, Kampala

Mzee Fundi, nakubali yote, lakini nayo yaingie kwenye bei. Orodha ya dola 500 ina presi, kalibu, mizani na vernia. Kuna pia mashine ya kusafishia maganda, kifaa cha kukatia shingo na nyundo ya kung'olea vichwa ukikosea. Na kuna muda. Risasi 50 zilizofanywa kwa uangalifu huo ni jioni nzima. Kwa anayepiga 50 kwa mwaka, akiba ya .308 ni shilingi 145,000. Sheria ikifunguka kesho, mtu huyo bado hana sababu ya kununua presi.

Anayefaidika ni mlenga shabaha wa masafa marefu anayepiga mia kadhaa kwa mwaka. Huyu hatafuti urahisi wa bei, anatafuta usawa wa risasi moja na nyingine. Tuseme hivyo wazi, tusiwadanganye wenye bunduki kwamba watatajirika.

Wakili, Mbale

Nirudi kwenye sheria, maana hoja imesema "aruhusiwe". Chini ya Sheria ya Silaha ya mwaka 1970, cheti chako kinahusu kumiliki bunduki na risasi zake. Hakikupi ruhusa ya kutengeneza risasi, na mbele ya hakimu kujaza ganda upya kutahesabiwa utengenezaji. Baruti yenyewe inaangukia kwenye sheria ya vilipuzi. Uganda pia imefungwa na Mkataba wa Nairobi wa 2004 kuhusu silaha ndogo ndogo. Kwa hiyo mtu asisome mjadala huu akaagiza presi na kuanza kazi chumbani kwake. Bila kibali cha maandishi ni kosa la jinai, na vifaa vyote vitakuwa ushahidi.

Swali la umma ni kama kibali cha namna hiyo kiwekwe, na kwa masharti gani.

Afande Mstaafu, Moroto

Mimi napinga, na sababu yangu haihusu bei.

Baada ya mauaji ya mbunge Ibrahim Abiriga, Juni 2018, Rais aliagiza kila bunduki ichukuliwe alama zake za kitaalamu. Bunduki inapigwa, ganda na kichwa vinahifadhiwa, ili ganda likiokotwa penye uhalifu lioanishwe na bunduki. Sasa jaza ganda mara 6. Alama ya pini inaondoka na fataki ya zamani, huku mikwaruzo ya ndoana na ya kitoa ganda inapandana mmoja juu ya mwingine. Likiwa limepita kwenye bunduki mbili, mpelelezi anasoma nini? Maandishi ya kitakoni nayo yanataja kiwanda na aina ya risasi. Ndani kuna kichwa kingine na baruti nyingine, na karatasi ya mauzo haikuelekezi popote.

Huku Karamoja watu wamepokonywa bunduki kwa awamu, 2001, tena 2006, tena operesheni ya Usalama kwa Wote kuanzia 2021. Mnataka ganda tupu liwe na bei sokoni?

Mlenga Shabaha, Entebbe

Afande, kwa heshima, hofu ya alama naikubali, ya Karamoja naona umeizidisha. Bunduki ya mwizi wa ng'ombe ni AK, na maganda mengi ya 7.62x39 ni ya chuma yenye mfumo wa fataki wa Berdan. Ukichungulia ndani unaona vitundu viwili vidogo na kinundu katikati, wakati ganda la Boxer lina tundu moja kubwa la katikati. Pini ya kalibu ya kawaida inavunjika kwenye kinundu kile. Chuma nacho hakipendi kurudishwa umbo, kinapasuka. Hakuna mtu atakayekaa porini kufanya kazi hiyo.

Afande Mstaafu, Moroto

Mengi, ndiyo. Yapo ya shaba yenye tundu moja kwa kipimo hicho hicho. Nami hofu yangu kubwa ni fataki na baruti kuvuja. Ganda lipo kila mahali, hivyo viwili havipo, na ndiyo maana hatuna tatizo.

Fundi Bunduki, Jinja

Hapo Afande amegusa penyewe. Mlango wa kulinda ni fataki. Zinahesabika moja moja: ziingie 1,000, zitoke 1,000, na kila iliyopigwa irudishwe na kuhesabiwa.

Niongeze jambo kwa wenye .375, kwa sababu ndugu wa Entebbe amehesabu ganda mara 5 kana kwamba ni jambo la hakika. Ganda hilo lina mkanda kitakoni, na ni mkanda unaolizuia ndani ya chemba. Bega linaachwa na nafasi mbele yake. Ukipiga, shaba inavutika juu kidogo ya mkanda. Ukilirudisha lote kwenye kalibu na kupiga tena, inavutika palepale, na baada ya mara chache linakatika vipande viwili huku nyati akikutazama. Dawa yake ni kurekebisha kalibu ili bega lirudishwe nyuma kama milimita 0.05 tu, kiasi cha bolti kufunga. Na kabla ya kila kujaza, chukua waya mwembamba, upinde ncha kama ndoano ndogo, uiburute ndani ya ganda kutoka kitakoni kwenda juu. Ncha ikidumbukia kwenye mfereji, ganda hilo limekwisha, hata kama kwa nje linang'aa. Mara nyingine kwa nje utaona mstari mweupe unaozunguka mahali hapo.

Na joto. Kipimo kilichotulia asubuhi ya Kampala kinaweza kupandisha shinikizo mchana wa Kotido, risasi zikiwa zimeachwa kwenye dashibodi. Kiwango cha juu cha kitabu kisifikiwe kwa risasi za huko.

Hesabu Kwanza, Kampala

Basi nipendekeze njia ya kati: meza moja yenye kibali, kwenye uwanja wa shabaha au kwa muuzaji mwenye leseni, baruti na fataki zikae kwenye ghala la polisi. Watu 20 wakichangia presi moja, dola 500 inakuwa 25 kwa kila mmoja. Shehena ya baruti inaagizwa mara moja kwa wote, hapo hata safari ya Mombasa inaanza kuwa na maana.

Fundi Bunduki, Jinja

Naiunga mkono kwa sharti moja: hakuna kupiga risasi iliyojazwa na mtu mwingine. Kiasi cha baruti kinachokaa salama kwenye chemba ya bunduki moja kinaweza kuzidi kwenye nyingine inayotumia risasi ya aina hiyo hiyo. Meza iwe ya wote, maganda na boksi viwe vya mtu mmoja, na lebo iandikwe bunduki, baruti, kichwa, tarehe na mara ya ngapi.

Baruti isihamishwe kutoka kwenye kopo lake. Ikianza kutoa harufu kali ya asidi, au ukaona vumbi jekundu la kahawia, imeharibika. Unyevu na joto la ghala baya vinaiharakisha. Na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, maana vumbi la kusafishia maganda lina madini ya risasi (lead).

Mwindaji, Nakasongola

Mimi bado nitanunua za dukani. Ila meza ya pamoja kwa walenga shabaha sina ugomvi nayo, mradi wawindaji tusitozwe kuichangia.

Wakili, Mbale

Basi ombi likiandikwa kwa Inspekta Jenerali wa Polisi na wizara, liwe na mambo haya: kiwango cha juu cha baruti na fataki kwa kila mwanachama, rejesta moja inayokaguliwa, marufuku ya kuuza au kugawa risasi zilizojazwa, na maganda yasiyofaa yaharibiwe mbele ya mkaguzi. Kwa hoja ya Afande, kila ganda lipewe alama ya kudumu inayolifunga na bunduki moja.

Afande Mstaafu, Moroto

Alama hiyo ichongwe kitakoni kabla ya kujazwa mara ya kwanza, na picha ya ganda ipelekwe kwenye maabara ya polisi. Bila hilo sitaunga mkono.

Fundi Bunduki, Jinja

Inawezekana, mradi ichongwe juujuu pembeni ya maandishi ya kiwanda, ganda likiwa tupu. Na yaliyokufa yabanwe shingo kwa koleo yakiwa bado mezani, ndipo yapimwe kama chuma chakavu. Yakibebwa mazima, kuna atakayeyaokota na kuyarudisha kwenye presi bila kujua yamepigwa mara ngapi.