Msaada wakuu: hotdogi za Julai 4 zisije zikaungua tena kama mwaka jana

Kijana wa Ifakara
Wakuu habari za muda huu. Niko Columbus, Ohio, mwaka wa sita sasa. Mwaka jana Julai 4, sikukuu ya uhuru wa huku Marekani, nilijitia kimbelembele, nikaalika majirani uani kwangu na kutangaza kwamba nitachoma hotdogi kama wenyeji. Mishkaki naiweza tangu utotoni, nikajua soseji ni mchezo tu. Nikajaza makaa, nikamimina mafuta ya kuwashia, moto ukawa wa kuchoma mbuzi mzima. Dakika tatu tu soseji zimepasuka, nyeusi tii, ukiuma katikati ni baridi, na harufu ya mafuta imo. Jirani mmoja mzee alimaliza yake akasema ni nzuri sana, ila nilimwona alivyokuwa anameza. Shemeji yangu hakunificha kitu. Mpaka leo ananiita Mzee Mkaa.

Mwaka huu wanakuja tena, watu wazima 22 na watoto 9. Jiko ni lile la duara la makaa, lenye mfuniko. Moto uweje? Dakika ngapi? Nizichemshe kwanza au hapana? Ninunue ngapi? Halafu kuna familia mbili za Kiislamu, sitaki kuwakosea. Nawasilisha.

mchoma_wa_Dallas
Pole mkuu, ila nimecheka mpaka mke wangu kaja kuuliza kuna nini.

Tatizo ni kwamba umeichukulia kama nyama mbichi. Hotdogi imeshapikwa kiwandani. Mishkaki unahangaika nayo iive, hii unaipasha moto na kuipa rangi, basi. Sasa fanya hivi: makaa yote yasukume upande mmoja wa jiko, upande wa pili uache mtupu. Usiweke kitu kabla makaa hayajavaa majivu ya kijivu. Panga soseji upande usio na makaa, funika kama dakika tano zipate moto mpaka katikati. Kisha zihamishie juu ya makaa dakika moja au mbili, unazizungusha muda wote, huendi kupiga simu wala kupokea wageni. Zikivimba kidogo na kupata mistari ya kahawia, toa.

Tumia koleo, uma weka mbali. Ukitoboa, mafuta yanadondokea kwenye makaa, moto unaruka, na hayo ndiyo masizi uliyowalisha majirani.

Mafuta ya kuwashia achana nayo kabisa. Kuna lile bomba la bati lenye mpini: karatasi chini, makaa juu, unawasha kiberiti, baada ya robo saa au dakika ishirini makaa yako tayari na hayana harufu.

fundi_gesi
Nunua jiko la gesi mkuu, yaishe.

mchoma_wa_Dallas
@fundi_gesi na wewe utakula nini chenye ladha hapa duniani?

Mama Ilham
Ahsante kaka kwa kutukumbuka, wengi hawaulizi. Hotdogi za kawaida huku zinaweza kuwa na nguruwe, ng'ombe na kuku kwa pamoja. Na pakiti ikiandikwa nyama ya ng'ombe tupu, hiyo bado siyo halali, maana suala ni jinsi alivyochinjwa. Tafuta yenye alama ya halali. Nazo zile zenye ngozi ya asili, ngozi ni utumbo, soma ni wa mnyama gani.

Ushauri wangu, nunua za halali kwa watu wote. Ukitaka kuweka aina mbili utahitaji wavu wa pili, koleo la pili na sinia la pili, na ifikapo saa kumi na jua lile utakuwa umeshachanganya. Mimi nimeshakaa kwenye sherehe nikala saladi tupu kwa sababu mwenyeji alishika koleo lile lile.

Msee wa Umoja
Nauliza tu kutoka Nairobi, hizi si ndizo smokie? Huku jamaa wa mkokoteni anaipasua kwa kisu, anajaza kachumbari na pilipili, unakula ukitembea. Hakuna cha makaa upande mmoja.

Kijana wa Ifakara
@Msee wa Umoja binamu yake. Ila hilo la kuipasua limenikaa. Ikichanwa kabla ya kuchomwa inakuwaje?

Wa_Chicago
Inakuwa nzuri, lakini usiipasue yote. Chora mistari ya mshazari isiyozama sana: mvuke unapata pa kutokea, haipasuki ovyo, na kingo zinakauka vizuri. Hapa kwetu wanaochoma kwenye makaa hukata ncha zote mbili kwa alama ya msalaba, zinajikunja kama ua.

Sasa kwenye viungo sikilizeni. Hotdogi ya Chicago ina mkate wenye mbegu za popi, haradali ya njano, achari ya matango ya kijani inayong'aa kama rangi ya ukuta, vitunguu, nyanya, kipande kirefu cha tango la siki, vipilipili vya siki na chumvi ya seleri. Ukihesabu vizuri ni kachumbari iliyolalia soseji! Kechapu hairuhusiwi, hilo si la mjadala.

Msee wa Umoja
Watoto 9 halafu unawanyima kechapu? Utapigiwa kura ya kutokuwa na imani.

nesi_wa_usiku
Naongeza machache. Watoto walio chini ya miaka minne au mitano wakatieni soseji kwa urefu kwanza, ndipo mzikatekate vipande vidogo. Kile kipande cha duara kinaziba koo la mtoto sawasawa. Hili nalisema kwa herufi ndogo lakini ni kubwa.

Kama kuna mjamzito au mzee, zake hakikisha zinatoka mvuke. Ukiwa na kipimajoto, nyuzi 165 za Farenhaiti, yaani 74 za Selsiasi. Na zikishaiva zisikae mezani zaidi ya saa mbili. Joto likipita 90 Farenhaiti (32 Selsiasi), saa moja tu.

mchoma_wa_Dallas
Kuhusu kuchemsha: kwa watu wanne sichemshi, ladha inabaki majini. Kwa watu 31 ningeweka sufuria ya maji ya moto yasiyotokota, zinalala humo, unatoa kumi kumi unazimalizia kwenye makaa. Mikate nayo ipake siagi ndani, iguse wavu nusu dakika. Watu wengi wanasahau mkate.

dada_mhasibu
Hesabu: watu wazima soseji mbili mbili ni 44, watoto moja moja 9, jumla 53. Soseji nyingi huja kumi kwa pakiti, mikate minane. Chukua pakiti 6 za soseji na 7 za mikate, 60 kwa 56. Soseji nne zitakosa mkate, watoto watazila hivyo hivyo. Ila soma pakiti, nyingine za soseji ni nane.

Kijana wa Ifakara
Mrejesho, Julai 5. Niliwasha kwa bomba, nikachukua za halali kwa wote, nikachora mistari. Mbili tu ziliungua, na hizo nilizila mwenyewe jikoni kabla shemeji hajaziona. Kechapu niliiweka, @Wa_Chicago nisamehe. Haradali karibu haikuguswa, kachumbari iliisha kabla ya soseji. Yule jirani mzee alikula tatu, safari hii hakumeza kwa shida, na leo asubuhi kaja mlangoni na karatasi na kalamu anataka vipimo vya kachumbari. Nimemwambia chumvi ni ya kukadiria. Bado amesimama, anauliza kukadiria ni vijiko vingapi.