Naomba ushauri: mota ya cherehani ya ngozi inakimbia mno

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Nashona mikanda na mabegi ya ngozi hapa Tandika, natumia Singer 45K ya zamani, chuma kitupu, naipenda sana hii mashine na siuzi hata iweje. Shida ni mota, ni ile ya klachi (inazunguka muda wote, pedeli ndo inaiunganisha na mashine) ya mizunguko 2850 kwa dakika, ukigusa pedeli kidogo tu inaruka, kwenye kona mshono unapitiliza na ngozi ikishatobolewa ndo basi tena. Nimefunga puli ndogo kwenye mota, imepungua ila bado, kona nageuza gurudumu kwa mkono. Je mota ya sevo (ile unayopanga mwendo wake mwenyewe) ya wati 550 itasukuma ngozi ya milimita 8 kwa mwendo wa polepole, au niongeze puli ya kati, ile inayokaa kati ya mota na mashine kupunguza mwendo? Na Kariakoo wanauza mtaa gani?