Vakyumu inazima yenyewe katikati ya kazi: ninunue ya aina gani kwa vumbi la Nakuru?

MamaTatu_Lanet
Hamjambo wakuu. Nisaidieni kabla sijaingia dukani mwisho wa mwezi. Nyumba ni ya vyumba vitatu, huku Lanet, na barabara ya mbele haina lami. Sebuleni kuna kapeti ya manyoya marefu, kwingine ni tailzi, viti ni vya kitambaa. Kuna mtoto mwenye pumu. Mashine iliyopo ni ya kikombe, haina mfuko, imeandikwa wati 2000. Siku hizi inavuta kidogo sana, dakika kumi hivi inazima, ikikaa nusu saa inawaka tena. Inatoa joto na harufu ya kuungua. Bajeti ni KSh 20,000. Nawaza nyingine ya kikombe, au ile ya dramu inayovuta hata maji, au ya betri. Wauzaji wananitajia wati tu. Niangalie nini?

Fundi_Mota
Dada, usiitupe bado. Mashine inayozima ikipata joto na kuwaka ikipoa haijafa. Hiyo ni swichi ya joto inayoilinda mota. Mashine kavu za nyumbani nyingi hupoza mota kwa hewa ileile inayovuta sakafuni. Njia ya hewa ikiziba, mota inakosa upepo, inachemka, swichi inakata. Ukiendelea kuilazimisha, siku moja itakata moja kwa moja.

Chomoa plagi kwanza, kisha fuata njia ya hewa kipande kwa kipande. Toa paipu ya mpira, rudisha plagi, washa mashine, weka kiganja kwenye tundu inapoingilia paipu. Ikivuta kwa nguvu hapo, tatizo liko kwenye paipu, bomba au kichwa. Zima, chomoa tena, simamisha paipu wima, angusha kizibo cha soda ndani: kisipotokea upande wa pili, kuna kitu kimekwama, mara nyingi kwenye kona karibu na mpini. Usisukume kwa waya wa henga, utatoboa mpira na kuongeza ugonjwa.

Ikivuta kidogo hata bila paipu, angalia filta. Mashine ya kikombe huwa nazo mbili, moja mbele ya mota na nyingine nyuma, hewa inapotokea. Hiyo ya nyuma watu wengi hawajui kama ipo. Kama maelezo ya mashine yanaruhusu kuosha, osha kwa maji matupu bila sabuni, kung'uta, kisha anika kivulini saa 24. Siku za mvua anika 48. Filta yenye unyevu ikirudishwa, vumbi linageuka tope juu yake na umerudi pale pale.

Wati_SiNguvu
Kuhusu wati, hapo ndipo watu wanapopigwa. Wati ni stima inayoliwa, si nguvu ya kuvuta. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha wati 1600 kuanzia Septemba 2014, ukakishusha hadi 900 Septemba 2017. Watengenezaji hawakuacha kuuza mashine zinazosafisha. Walirekebisha feni, njia ya hewa na kichwa. Mashine ya wati 2000 ikifanya kazi saa nzima inakula uniti mbili za tokeni. Ya wati 800 haifikishi hata moja.

Tafuta namba mbili kwenye boksi: kilopaskali (kPa) na lita za hewa kwa sekunde. Kilopaskali hupimwa tundu likiwa limezibwa kabisa, kwa hivyo peke yake haitoshi. Mashine inaweza kuwa na kPa nzuri na hewa kiduchu, ikashindwa kuinua mchanga kwenye manyoya. Kwa ya waya, kPa 18 kwenda juu na lita 30 kwa sekunde au zaidi ni mashine ya kazi. Kama boksi lina wati peke yake, muulize muuzaji akutafutie hizo nyingine. Asipozipata, nenda rafu inayofuata.

Kiamunyi_Safi
Kwa vumbi la Nakuru mimi nasema mfuko, na sirudi nyuma. Udongo wetu umetokana na majivu ya volkano, ukikauka Januari hadi Machi unakuwa laini kama poda. Kikombe kinatenga vumbi kwa kulizungusha: chembe nzito zinatupwa pembeni, lakini zile laini kabisa zinaenda moja kwa moja kwenye filta. Ndiyo maana filta ya kikombe inaziba haraka. Halafu kuna kumwaga. Kikombe ukikifungua, wingu linakurudia usoni, na nyumba ina mtoto wa pumu. Mfuko unafungwa mdomo unatupwa.

Ila usinunue wenye mfuko wa kitambaa wa kung'uta na kurudisha. Huo unapitisha vumbi laini. Tafuta wa kutupa, wa tabaka nyingi, unaofanana na kitambaa laini usioraruka kama karatasi. Ubadilishe ukifika robo tatu, usingoje ujae. Vumbi letu linaziba vitundu vya mfuko kabla haujavimba.

Na nyuma ya mota iwepo filta ya HEPA daraja la H13, inayonasa asilimia 99.95 ya zile chembe ndogo zilizo ngumu zaidi kunasa. Lakini filta nzuri kwenye boksi linalovuja ni kazi bure. Angalia raba inayozunguka kifuniko na filta: iwe nzima, laini, haijapasuka.

Kondele_Stima
@Kiamunyi_Safi na mifuko ikiisha dukani? Mfano mmoja una mdomo wa mfuko tofauti na mwingine. Kabla ya kulipa mashine, uliza bei ya pakiti ya mifuko na uione kwa macho. Isipokuwepo, hiyo mashine ni pambo.

Huku Kisumu wengi wanachukua dramu, na sababu ipo. Nyumba ni tailzi, mvua inaingia barazani, na wale wadudu wa ziwani wanaovutwa na taa asubuhi wamelala dirishani marundo. Ukiwavuta na mashine ya mfuko, ule unyevu wao unaota ukungu ndani na mashine inanuka siku tatu. Dramu unaiosha. Mota yake pia kwa kawaida inapozwa na hewa ya pembeni, si ile inayobeba uchafu, kwa hivyo inavumilia.

Kasoro zake: inapiga kelele, ni pana, na nyingi zina filta ya kitambaa tu, inayorudisha vumbi laini hewani. Kwa pumu mimi singeanzia hapo. Ukiichukua, kumbuka kuvuta maji unatoa filta kavu na kuvalisha sponji. Boya la ndani likipanda, mlio unabadilika na mvuto unakatika. Zima hapohapo. Povu la sabuni ndilo adui, kwa sababu haliinui boya, linapita hadi kwenye mota.

MamaTatu_Lanet
Asanteni sana. Na ya betri je? Inanivutia kwa sababu ya ngazi.

Wati_SiNguvu
Soma maandishi madogo. Ile "dakika 45" ni kwa kasi ya chini kabisa, bila burashi inayozungushwa na mota. Ukiweka kasi ya juu, ambayo kapeti yako itaidai, ni dakika sita hadi kumi. Seli za betri huchoka baada ya miaka michache, na betri mpya inaweza kula sehemu kubwa ya bei ya mashine. Kwa bajeti hiyo iwe ya pili, ya ngazi na makombo, kamwe isiwe ya pekee. Ukikubali, chagua inayochomoka betri kwa kitufe.

Ya roboti sijaiwekea hesabu. Kwenye manyoya marefu inakwama.

Kiamunyi_Safi
Hiyo kapeti dada, samahani kusema, ndiyo ghala la vumbi lenyewe. Ukibaki nayo, usitumie kichwa chenye burashi inayozunguka. Manyoya marefu yanajisokota kwenye rola, mkanda unateleza na kuungua. Tumia kichwa cha kawaida, burashi imeinuliwa, na ufungue kile kidirisha kidogo kwenye mpini ili mvuto upungue, kichwa kisinate. Pita polepole, ukienda na kurudi, mtoto akiwa nje.

Kama kichwa chako kina rola, kigeuze ukague leo. Nywele za kusuka zikijiviringa hapo zinakaza kama kamba. Pitisha makasi kwenye mfereji ulio kando ya rola, kata, vuta vipande. Usivute nyuzi ndefu, utang'oa burashi.

MamaTatu_Lanet
Nimekagua. Paipu haijaziba, kizibo kimetoka. Filta ya nyuma nimeikuta nyeusi tii, haiwezi kuoshwa. Hata nikiitoa, bado inavuta kidogo, na ndani kuna cheche za buluu.

Fundi_Mota
Usiiwashe tena bila filta, vumbi linaenda kwenye beringi. Cheche chache palepale kaboni inapogusa ile shaba inayozunguka na mota si neno. Cheche zikizunguka shaba yote kama pete, ama kaboni zimeisha ama shaba imechimbika. Kaboni ni vijiti viwili vinavyopitisha stima, kimoja kila upande wa mota, na vinaondolewa kwa skrubu. Vikiwa vimebaki chini ya milimita nane hivi, badilisha vyote viwili kwa pamoja, vya ukubwa uleule. Shaba ikiwa na mifereji inayoshika kucha, gharama ya mota haitalingana na umri wa mashine. Hapo nunua mpya.

Dukani fanya hivi. Omba waichomeke. Ziba mdomo wa bomba kwa kiganja: mlio ukipanda na kuwa mwembamba, mashine haivuji, maana mota imekosa hewa ya kubeba ikakimbia zaidi. Mlio usipobadilika, hewa inapenya kwingine. Kama ni ya mtumba kutoka nje, soma kibandiko chini: 220–240 V. Ikiwa 120 V ya Marekani au 100 V ya Japani, iache hapo hapo, hata ikiwa ya bure. Transfoma ya kuibeba ni nzito na ina bei yake.

Ekstensheni iwe ya waya wa milimita za mraba 1.5, na ikiwa ya kukunja kwenye gurudumu, ifungue yote. Waya uliokunjwa unapika.

Kondele_Stima
Na pima kipenyo cha bomba lako la zamani kabla ya kutupa. Mengi ni milimita 32 au 35. Mashine mpya ikilingana, kile kichwa chako cha viti kitaingia.

MamaTatu_Lanet
Ni 32. Naenda kutafuta ya mfuko, wati 900 kushuka, na pakiti mbili za mifuko siku hiyohiyo. Kaboni nitamwachia fundi azipime, ikipona itakuwa ya gari.