Pito ya kupasha moto kwa ndege ya kujiundia: naitest aje kabla sijaruka?

RivetiNakuru: Wadau habari zenu. Naunda RV-9A hapa Nakuru, bawa la kushoto limefika mahali pa kufunga pito (kale kabomba kanakopokea upepo wa mbele ili geji ya spidi isome) na nimeshapata ile ya moto ya volti 12, isizibwe na barafu. Jirani ananicheka ati nani aliona barafu ikweta, lakini nataka kuvuka milima ya Mau niende Kisumu hata msimu wa mvua. Waya niweke saizi gani, na nitajuaje inafanya kazi nikiwa bado chini, juu sitaki kujua nikiwa hewani.

MzeeMabawa: Jirani hajakosea sana. Huku kwetu baridi ya kugandisha maji inaanzia kama futi 15,000 na wewe siku nyingi utakuwa chini ya hapo. Mimi ningefunga ya kawaida tu, waya kidogo shida kidogo.

Waya_wa_Kisumu: Mzee si ameshanunua, sasa aitupe? Boss, hiyo kitu inakula kama ampea 8 hadi 10, weka waya wa unene wa geji 14, brekari ya ampea 15, na earthi iwe na waya wake mpaka kwa betri. Mpira wa plastiki wa kupeleka hewa kwa geji ya spidi usiufikishe kwa pito, utayeyuka, anza na paipu ya alumini kama futi moja hivi ndio uunge mpira. Kutest moto, shika waya na clamp mita (ile ya kubana waya kwa nje ikasoma ampea), washa: pito za kujirekebisha joto zinaanza na ampea nyingi halafu zinashuka zikipata joto, ukiona sufuri waya umekatika mahali. Usiache ikae sana juu ya ardhi hakuna upepo wa kuipoza, dakika moja imetosha, na usiiguse kwa mkono tafadhali. Mimi nilizungushia yangu barafu ya wauza samaki wa Dunga nikaona maji yakidondoka, raha tupu.

GejiNaPresha: Moto ni nusu ya kazi, hewa ikivuja geji ya spidi itakudanganya. Chukua mpira msafi wa kuonea maji, ukunje kama U, tia maji ya rangi, uunge na pito. Tofauti ya maji ikiwa milimita 165 geji isome noti 100 (noti ni maili ya baharini kwa saa), 238 isome 120. Urefu wa Nakuru hausumbui hapa, geji inasoma presha tu. Halafu bana mpira, geji ikishuka zaidi ya noti 10 kwa dakika tafuta mahali panavuja. Na usipulize na mdomo, utaua geji.

RivetiNakuru: Asanteni sana. Na kale katundu ka chini ka kutoa maji?

GejiNaPresha: Ziba na tepu nyekundu wakati wa kutest, acha mkia mrefu usije ukaisahau. Ukimaliza toa, funika pito na soksi yake, dondola wa huko wanapenda sana kujenga humo.

RivetiNakuru: Tepu ninayo. Barafu ndio sijui, Dunga ni mbali.

Waya_wa_Kisumu: Nakuru yote hakuna friji?